UZI: Mbele baridi, nyuma joto. Kabla hujalipia gesi, jua gari lako lina AC ya aina gani huko nyuma

FundiSabaki

Kuanzia Januari mpaka masika yaingie, ombi ninalolisikia zaidi gereji hapa Malindi ni hili: "Fundi, mbele baridi tele, nyuma watoto wanatoka jasho. Nipigie gesi." Wengi hupigiwa, hulipa, huondoka, na wiki haijaisha nyuma ni joto vile vile. Naandika uzi huu kwa sababu pesa nyingi zinapotea, na wanaoumia si wenye kushika usukani. Ni watoto, wazee, na wagonjwa wanaokimbizwa Kilifi au Mombasa. Dereva akihisi vidole vinampoa pale mbele hudhani gari zima limepoa.

Kabla ya gesi, kabla ya kompresa (ile pampu inayozungusha gesi), kabla ya chochote, jua nyuma kuna nini. Magari tunayoletewa kutoka Japani, yakiwa na kitu huko nyuma, huwa na mmoja kati ya mipango mitatu, na abiria huita yote "AC ya nyuma".

Kuna gari lenye tundu tu. Baina ya viti vya mbele, mwisho wa kile kiboksi cha katikati, utaona matundu mawili yanayowatazama abiria wa nyuma. Hewa yake inasukumwa na feni ya mbele, imepozwa na koili ya baridi ya mbele, kisha imepita kwenye bomba la plastiki mpaka huko. Hakuna mashine ya pili. Ukilipunguza feni la mbele, nyuma nako kumepungua.

Kuna gari lenye feni tu. Darini kuna kitu chenye matundu na kitufe cha kasi, mtu akakiona anashangilia. Kazi yake ni kuvuta hewa iliyokwisha kupozwa mbele na kuisukuma nyuma. Hakipozi kitu. Mbele kukiwa na joto, kinasukuma joto.

Na kuna gari lenye mashine kamili nyuma: koili yake ya baridi, vali yake ndogo ya kuipunguzia gesi presha, na feni yake. Mara nyingi imefichwa nyuma ya plastiki ya ubavuni au darini, na hewa inatokea kwenye matundu ya juu. Hiace nyingi za abiria ziko hivi, Alphard, Noah na Voxy nyingi, na baadhi ya Prado za viti saba. Nasema "nyingi" na "baadhi" kwa makusudi. Magari mawili ya jina moja, mwaka mmoja, rangi moja, yanaweza kutofautiana kwa sababu moja liliagizwa kwa daraja la chini na jingine la juu. Usimwamini muuzaji, angalia mwenyewe.

Hata katika aina hii ya tatu, kompresa ni moja na kondensa, ile koili inayotoa joto nje, ni moja, zote ziko mbele. Gesi ikitoka kwenye kondensa inagawanyika: njia moja inaingia koili ya mbele, nyingine inashuka chini ya sakafu kwa mabomba mawili, moja la kwenda na moja la kurudi. Fikirieni nyumba yenye tangi moja la maji na bomba mbili, moja jikoni na moja mwisho wa ua. Tangi likipungua, mara nyingi wa mwisho wa ua ndiye anayeanza kulalamika.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukiona kwenye dashibodi kitufe cha DUAL, na namba ya joto upande wa dereva na nyingine upande wa abiria, hiyo si AC ya mbele na ya nyuma. Ni kulia na kushoto. Hapo koili ya baridi ni moja tu, na ndani ya dashibodi kuna vilango vinavyochanganya hewa ya baridi na hewa iliyopita kwenye kijirejeta cha joto. Kilango cha kulia kina mota yake ndogo, cha kushoto kina yake. Kila sehemu yenye namba yake ya joto huitwa kanda. Gari la kanda tatu huongeza nyuma, la kanda nne hugawa na nyuma yenyewe kulia na kushoto. Kwa hiyo gari laweza kuwa na kanda mbili na huko nyuma lisiwe na kitu ila tundu.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

MwalimuGede

Asante fundi. Nina Noah, niliinunua kwa mtu, kitabu chake ni cha Kijapani. Nitajuaje ni aina ya pili au ya tatu bila kufungua plastiki?

FundiSabaki

Mwalimu, huhitaji hata bisibisi. Liwashe gari asubuhi likiwa kivulini, AC ya mbele iwe imewaka, halafu uwashe na ya nyuma kwa kasi ya kati. Kaa nayo dakika kumi na tano. Kisha toka uangalie chini.

Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, na koili ya baridi ikikutana na hewa hiyo lazima itoe maji. Maji ya koili ya mbele hudondoka karibu na miguu ya abiria wa mbele. Ukiona na tone jingine huko nyuma, karibu na gurudumu la nyuma, basi nyuma kuna koili kamili na inafanya kazi. Unyevu huu unaotuchosha, hapo unatusaidia kupima.

Kama hakuna tone nyuma, usikate tamaa bado. Inama uangalie mabomba: ya alumini, moja jembamba na moja nene, yakitoka upande wa injini kuelekea nyuma sambamba. Ukiyaona na tone halipo, una aina ya tatu iliyolala. Usipoyaona kabisa, una feni tu. Angalizo: gari lenye hita ya nyuma lina mabomba mengine mawili ya maji ya rejeta, hayo yote mawili ni manene na huwa ya moto injini ikichemka. Usiyachanganye.

Na chunguza kitufe cha mbele chenye maandishi REAR. Katika magari mengi dereva ndiye mwenye amri: asipowasha AC ya mbele, au akiizima ya nyuma kutoka kwenye dashibodi, abiria atabonyeza paneli ya darini mpaka kidole kiume na hapati kitu ila upepo. Nimeletewa gari lililoandikiwa kompresa mpya kwingine, kumbe kitufe hicho kilikuwa kimezimwa.

MamaPacha

Nina watoto wawili wadogo, viti vyao viko nyuma. Naweka 18 ili baridi iwafikie haraka, mimi mbele naganda na wao bado wana majimaji shingoni. Gari ni la namba mbele na paneli nyingine nyuma. Niweke ngapi?

FundiSabaki

Dada, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Namba unayoiweka si kasi ya baridi. Ni mahali unapotaka AC isimame. Gari lilipoanikwa juani, ukiweka 18 au ukiweka 23, mwanzoni mashine hutoa baridi yote iliyo nayo. Tofauti huja baadaye: kwenye 23 itapunguza ikifika, kwenye 18 itaendelea kukugandisha wewe. Watoto hawakupata hata dakika moja ya haraka.

Halafu jiulize gari linajuaje joto la ndani. Kuna kijitundu kidogo kwenye dashibodi, mara nyingi karibu na usukani, kinachovuta hewa na kuipima. Juu ya dashibodi, chini ya kioo, kuna kijidude cheusi kinachopima ukali wa jua. Vyote viwili viko mbele. Gari lisilo na kipimo nyuma linamsikiliza dereva peke yake. Mbele pakifika 18, linajiona limemaliza kazi, hata kama nyuma ni 29. Ndiyo faida kubwa ya kuwa na kanda ya nyuma inayojitegemea kweli: inakuwa na kipimo chake, feni yake na amri yake.

Fanya hivi. Kabla hujawapakia, fungua milango yote, hewa ya moto itoke. Ondoka na vioo vya nyuma vikiwa wazi kidogo kwa dakika moja au mbili, kisha funga. Weka mbele 24, nyuma 23, na ubonyeze kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, chenye picha ya gari na mshale unaojipinda. Feni ya nyuma ianze na kasi ya juu, kisha uishushe. Kama gari lina SYNC, hakikisha imezimwa, la sivyo namba ya nyuma itafuata ya kwako kila ukiigusa. Elekeza matundu ya darini yapite juu ya vichwa vya watoto, yasiwapige usoni.

Usitarajie ukuta kati ya mbele na nyuma. Hewa ni moja chumbani, inachanganyika. Kwenye gari lisilo na kizuizi utapata tofauti ya nyuzi chache tu, si mbele Limuru na nyuma Malindi. Jua la alasiri nalo: ukitoka Watamu kurudi Malindi jioni, jua liko kushoto kwako, na mtoto aliyekaa upande huo anachomwa kupitia kioo hata hewa ikiwa nzuri. Kitambaa cha dirishani hapo kinafanya kazi ambayo AC haiwezi.

Na hili naliandika kwa uzito wote: usiwaache garini hata kwa kununua mkate. Gari likizimwa juani, joto la ndani laweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Kanda nne haziwasaidii, injini ikizimwa zote zimelala.

KijanaMambrui

Mafundi mnazungusha maneno. Gesi ikijaa kila kitu kinapoa, mbele na nyuma. Mimi huongezewa kila kaskazi na gari linapiga. Hizi kanda ni za kuuza vipuri.

FundiSabaki

Kijana wangu, gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kama kila kaskazi unaongeza, kila mwaka inavuja, na hujaonyeshwa inapovujia. Upungufu mdogo kwa miaka mingi ni wa kawaida, maana mipira ya viungo huchoka, lakini si kila mwaka kiasi cha kukosa baridi.

Kujaa nako si sifa. Ndani ya boneti kuna kibandiko, kimeandikwa aina ya gesi, mara nyingi HFC-134a, na uzito wake kwa gramu. Gari dogo lenye koili moja mara nyingi huchukua kama gramu 400 mpaka 550. Lenye koili ya nyuma laweza kutaka 700, 900 au zaidi. Fundi anayejaza kwa kuangalia sindano za geji, vile vipimo vya presha, peke yake hawezi kujua ameingiza gramu ngapi, kwa sababu presha inategemea joto la siku hiyo, na Malindi saa saba mchana sindano hupanda hata gesi ikiwa pungufu. Kinachojua ni mizani.

Gari la koili mbili likijazwa kwa kipimo cha koili moja, mbele patapoa na nyuma patabaki na joto. Likijazwa kupita kiasi, presha ya kondensa inapanda, kompresa inaelemewa, na swichi ya usalama inaikata. Utaona baridi inakuja na kuondoka hasa ukisimama kwenye msongamano wa Mtwapa, kisha inarudi ukikimbia. Hapo mtu huambiwa kompresa imekufa.

Upungufu wa gesi una sura nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye gari la kulia na kushoto, upande mmoja unatoa baridi na mwingine vuguvugu. Fundi anakimbilia mota ya kilango. Wakati mwingine ni mota kweli. Lakini wakati mwingine gesi ni kidogo, inapoza nusu tu ya koili, na hewa ya upande wa pili inapita penye nusu ya moto. Pima gesi kwanza, ni rahisi kuliko kufumua dashibodi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye gesi: asikubali mtu kuwekewa gesi ya kupikia. Wapo wanaoitia kwa sababu ni rahisi na inapoza kweli. Inawaka moto. Koili ya nyuma iko ndani ya chumba cha abiria, ikitoboka gesi hiyo inajaa pale walipo, vioo vimefungwa. Kataa, hata ukiambiwa nusu bei.

Dereva_Minjila

Nabeba abiria Malindi mpaka Mokowe. Van ya watu kumi na nne, AC ya darini. Nikiwa na mbele peke yake ni barafu. Nikiwasha ya nyuma, mbele inalegea, na nyuma inatoa ubaridi wa kubahatisha. Kupita Garsen jua la utosi abiria wananung'unika. Gesi imepimwa kwa mizani, iko sawa.

FundiSabaki

Ndugu dereva, maelezo yako ni mazuri, yameshanipunguzia nusu ya kazi. Mbele ikilegea kidogo unapowasha nyuma ni kawaida, mashine moja imepewa kazi mbili. Ikilegea sana, ama joto halitoki nje vya kutosha ama kompresa imechoka.

Anza na kondensa, ile mbele ya rejeta. Upepo wa bahari una chumvi, na mapezi yake ya alumini huoza yakawa kama unga. Ukiyagusa yakavunjika, kondensa hiyo haitoi joto, na kila gesi inayopita inarudi ndani ikiwa bado na moto. Sikiliza feni ya kondensa: ukisimama na AC ikiwa imewaka, lazima iwake. Vumbi la barabara nalo huziba. Osha kwa maji ya mtiririko mdogo kutoka upande wa injini kuja nje, na yawe maji matamu. Visima vingi vya huku ni vya maji ya chumvi, ukiyatumia unaongeza ugonjwa.

Kompresa iliyochoka hujulikana kwa geji zote mbili kusogeleana: ya chini haishuki vizuri, ya juu haipandi vizuri. Hilo fundi atakuonyesha kwa macho, mwombe akuonyeshe.

Kisha mlango. Koili ya nyuma huvuta hewa ya ndani ya gari, inaipoza na kuirudisha, haichukui ya nje. Kila mlango ukifunguliwa Gongoni, Marereni, Garsen, Witu, hewa yenye unyevu inaingia na mashine inaanza upya kuikamua maji kabla ya kuipoza. Sehemu kubwa ya nguvu ya AC hapa pwani inaishia kwenye kukamua maji. Usiache mlango wazi wakati utingo anapanga mizigo.

Na mizigo yenyewe. Tafuta lile tundu kubwa lenye wavu linalovuta hewa, liko darini au ubavuni kutegemea gari. Ukilikuta limefunikwa na mabegi au gunia la maembe, umeshapata jibu. Feni isiyopata hewa haina cha kupoza, na koili inaweza kuganda barafu, baridi ikakatika kabisa mpaka iyeyuke. Wavu huo uoshe. Mbele kuna kichujio cha karatasi nyuma ya kijisanduku cha dashibodi, lakini mashine nyingi za nyuma hazina ila wavu, na vumbi la njiani linapita moja kwa moja kwenye koili.

Dereva_Minjila

Nimetazama. Wavu upo darini, umejaa nywele za vumbi. Kondensa chini kushoto inamegeka. Nitaileta.

Mzee_wa_Shela

Wanangu, sisi tulisafiri miaka na vioo wazi. AC ya nyuma ni anasa ya juzi, mtu mzima avumilie.

FundiSabaki

Shikamoo mzee wangu. Kwa safari ya karibu na upepo wa kusi, vioo wazi vinatosha na mimi hufanya hivyo. Lakini si ya juzi. Gari la kwanza la kuuzwa na AC ya kiwandani lilikuwa Packard ya Marekani, mwaka 1939, na koili yake ilikuwa kwenye buti, baridi ikitokea nyuma ya viti vya nyuma. Haikuwa na klachi, kile kifaa cha kuiachisha kompresa isizunguke. Kuizima ilibidi kusimamisha injini na kuvua mkanda. Baadaye, mwaka 1954, kampuni ya Nash wakaikusanya yote mbele, na mtindo huo ndio uliotawala. Mwaka 1964 Cadillac wakatoa ya kujirekebisha yenyewe, unaweka namba inajitafutia. Kwa hiyo aliyekaa nyuma ndiye aliyepozwa kwanza, sisi tukamsahau.

Na mzee, mwili unavyozeeka ndivyo unavyoshindwa kujipoza kwa jasho. Nyinyi ndio wa kupewa kiti kizuri chenye tundu.

Watamu_Hybrid

Nina Aqua. Haina AC ya nyuma, nimeelewa. Fundi mmoja alitaka kuniongezea oili ya kompresa kutoka chupa aliyotumia kwenye Probox. Kuna ubaya? Na lile tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma ni la nini, halitoi hewa.

FundiSabaki

Ubaya upo, na ni mkubwa. Kompresa ya Probox ya kawaida inazungushwa na mkanda na hutumia oili inayoitwa PAG. Ya Aqua na ya Prius ni ya umeme mkali, waya zake ni za rangi ya chungwa, na mota iko ndani ya kompresa ikiogelea kwenye oili ile ile. Inataka oili isiyopitisha umeme, aina ya POE. PAG ikiingia, hata kidogo kutoka kwenye mipira ya geji zilizotumika gari jingine, umeme unaweza kuvuja kwenda kwenye bodi ya gari, kompyuta ikalifungia gari. Fundi asiyekuwa na geji alizozitenga kwa hybrid tu, yaani magari ya petroli na umeme kama lako, asiguse.

Lile tundu halitoi hewa kwa sababu linavuta. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya abiria. Usiliwekee begi, shuka wala kiti cha mtoto mbele yake. Nyuma pakiwa tanuri, betri nayo inapumua tanuri na maisha yake yanafupika. Kwa hiyo hata ukiendesha peke yako, hewa ya nyuma ya gari lako si ya kupuuzwa. Matundu ya katikati ya dashibodi yaelekeze nyuma, yapite katikati ya viti, si kwenye kifua chako.

MwalimuGede

Fundi nimerudi. Nimefanya kipimo cha tone. Mbele linadondoka. Nyuma halidondoki, lakini mabomba mawili ya alumini yapo, moja lina kama mafuta meusi kwenye kiungo karibu na gurudumu. Feni ya nyuma inapuliza vizuri, vuguvugu. Halafu zulia la nyuma lina unyevu na harufu ya uvundo.

FundiSabaki

Mwalimu, umeshapata. Feni ingekuwa haipulizi kabisa ningesema umeme: fyuzi, relei, resista ya kasi au mota. Yako inapuliza, basi umeme mzima. Yale mafuta kwenye kiungo ni oili ya kompresa. Gesi ikivuja huibeba na kuiacha pale pale, vumbi likaishika ikawa nyeusi.

Unyevu wa zulia una sababu mbili, na lazima uzitenganishe. Chovya kidole ukinuse. Maji matupu ni ya koili ya nyuma yaliyokosa njia siku ilipokuwa bado inapoza, mpira wa kutolea maji umezibwa na matope au mchwa. Kukiwa na utelezi na utamu wa harufu, na rangi ya kijani au nyekundu, hayo ni maji ya rejeta kutoka hita ya nyuma. Huku hita hatuiwashi, kwa hiyo watu husahau ipo, na mabomba yake yanaoza kimya chini ya sakafu mpaka injini ichemke njiani. Angalia chupa ya maji ya rejeta leo kabla hujatoka.

Kwa kiungo, usikubali gesi juu ya gesi. Kazi yenyewe ni hii: gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine isiachiwe hewani, maana R134a, ndiyo ile HFC-134a ya kibandiko, hushika joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi. Kiungo kifunguliwe, mpira ubadilishwe, au kipande cha bomba kama alumini imeliwa. Chujio la kukausha unyevu libadilishwe, kwa hewa yetu hii ya pwani likikaa wazi limekwisha. Mfumo ujaribiwe kwa naitrojeni. Kisha pampu ya vakuamu, ya kunyonya hewa yote ndani, angalau nusu saa, isubiriwe kuona sindano hairudi, ndipo gesi iingie kwa gramu za kibandiko. Akitoa kichupa cha dawa ya kuziba matundu, mshukuru na umkatalie. Inaweza kuziba ile vali ndogo ya nyuma, na hapo utalipa mara mbili.

Muulize fundi kabla hajaanza: una mizani? Una naitrojeni? Akikujibu kwamba atasikiliza kwa sikio, ondoka utafute mwingine.

MwalimuGede

Ni maji matupu, hayatelezi. Chupa ya rejeta iko sawa. Nitazibua mpira mwenyewe Jumamosi, kiungo nitakuletea wewe.

FundiSabaki

Sawa Mwalimu. Mpira utoe kutoka chini, tumia waya laini usio na ncha, usipulize kwa kompresa ya gereji maana unaweza kuuchomoa upande wa ndani na itabidi plastiki yote ya ubavuni ifunguliwe. Zulia lianike mpaka chini yake, si juu tu. Njoo na gari likiwa limepoa.